Kebini ya Kujitengenezea kwa Trekta Dogo: Mwongozo Kamili kwa Mkulima na Fundi wa Malindi

Michoro mingi ya kebini za trekta inayozunguka mtandaoni imechorwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanakimbia theluji, kwa hiyo huziba kila tundu na kuweka kipasha joto chini ya kiti. Ukiuchukua mchoro kama huo ulivyo na kuujenga kwa ajili ya shamba la Kakuyuni, mwezi wa Februari dereva atakuwa amekaa ndani ya tanuri. Huku kwetu kebini inapigana na jua, vumbi, mvua ya masika na chumvi ya bahari. Kwa hiyo fikira yangu ni hii, na yote yanayofuata yanatokana nayo: jenga kuanzia juu. Paa kwanza, kisha njia ya hewa, na kioo kije mwisho, tena kila kioo kinachoweza kufunguka kifunguke.

Nazungumzia matrekta madogo ya nguvu-farasi 20 hadi 40, hasa yale ya mtumba kutoka Japani kama Kubota, Yanmar na Iseki, yanayolima mashamba ya ekari chache na kupita chini ya miembe. Vipimo nitakavyotaja ni vya kebini yenye upana wa mita 1.2, urefu wa mita 1.3 kutoka mbele hadi nyuma, na kimo cha mita 1.5 kutoka sakafuni. Lako likitofautiana, badilisha.

Tao la usalama kabla ya kukata chuma

Nyuma ya kiti cha trekta la kisasa kuna tao la chuma nene. Kazi yake ni kumwachia dereva nafasi ya kubaki hai trekta likipinduka. Sweden ndiyo iliyotangulia kuyalazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo, mwaka 1959, na matao ya kiwandani hupimwa kwa kusukumwa na kukandamizwa na mashine kabla hayajapitishwa. Kebini yako haitapimwa hivyo. Ni ya kivuli, vumbi na mvua, na haitamwokoa mtu trekta likilala juu yake.

Basi tao lisitobolewe, lisichomelewe, lisikatwe. Moto wa welding hubadilisha chuma kandokando ya mshono, na tundu la bolti ndipo ufa unapoanzia. Kebini ikihitaji kushikana na tao, ifungwe kwa klampu au U-bolti zenye raba katikati, ili ukizifungua tao libaki kama lilivyotoka kiwandani. Tao la kukunja libaki limesimama na pini zake ndani. Na dereva afunge mkanda, maana bila mkanda trekta likipinduka humtupa mtu nje kisha likamwangukia, hata kama tao lipo.

Matrekta mengi ya zamani ya Japani yalikuja bila tao. Kama lako ni hilo, pesa ya kwanza itafute tao la modeli yake, kebini ingoje. Najua jibu utakalopewa: "Malindi hakuna milima, bwana." Milima hakuna, lakini kingo za Sabaki zipo, mitaro ipo, na kuna vijana wanaong'oa visiki vya mkorosho kwa mnyororo waliofunga juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini. Hapo trekta huinua pua na kugeuka kinyumenyume kabla mguu haujagusa klachi.

Kupima kwa maboksi

Tafuta boksi kubwa la friji, kisu na gundi ya karatasi. Mkalishe kitini dereva mwenyewe atakayeliendesha, avae kofia anayovaa shambani, kiti kikiwa nyuma kabisa. Kutoka kwenye kiti kilichokaliwa hadi chini ya paa acha sentimita 105 hivi. Kati ya ukingo wa steringi na mlango acha sentimita 10, vidole visije vikasagwa wakati wa kukata kona.

Sasa liamshe trekta na kila kinachosogea kisogezwe hadi mwisho wake. Kata steringi kulia kabisa, kisha kushoto, huku gurudumu moja la mbele limepanda kwenye tofali, maana ekseli ya mbele huyumba na tairi hufika mahali usipopategemea. Fungua boneti. Fungua kifuniko cha tangi la dizeli na ujaribu kumimina kwa debe. Funga jembe la sahani lako mwenyewe, uliinue hadi juu kabisa, uone mkono wa juu unaolishika jembe unakaribia wapi. Kioo cha nyuma kiwe mbali nao kwa sentimita 10 au zaidi. Vioo vingi vya nyuma vya kebini za kujitengenezea huvunjwa na jembe lililoinuliwa, wala si na jiwe.

Kisha kata maboksi kwa umbo la kebini, uyasimamishe kwa vijiti, na dereva akae ndani kama anayelima. Atakwambia mambo ambayo tepu haisemi. "Fundi, nguzo hii inanificha gurudumu la mbele." Nguzo ukiisogeza sentimita nne-tano kuelekea nyuma, gurudumu linaonekana. Kwenye boksi hiyo ni kazi ya kisu; kwenye chuma ni kazi ya grainda na matusi.

Upana wa kebini usizidi madigadi. Na kabla hujafunga hesabu ya kimo, pita na ufito wenye kimo hicho chini ya miembe yako. Ukilazimika kukata matawi ya kuzaa ili kebini ipite, ishushe kebini.

Chuma kiasi gani, na uzito wake

Tyubu ya mraba ya milimita 30 kwa 30, unene milimita 2, inatosha kwa nguzo na mihimili. Kwa fremu za milango chukua ya 25 kwa 25, unene 1.5. Wapo wanaotaka kutumia 40 kwa 40 ya milimita 3 "ili iwe imara". Hiyo ina kilo tatu na nusu kwa kila mita, na uzito wote huo unakaa juu, pale pale usipoutaka kwenye trekta jembamba.

Hesabu ya kebini yetu: pande kuu ni mita 16, milango miwili mita 9, mihimili ya kati na ya paa mita 8 hivi. Jumla mita 33, yaani tyubu sita za mita 6 na vipande kidogo vitabaki. Tyubu ya 30 kwa 30 kwa 2 ina kilo 1.75 kwa mita, ile ya milango kilo 1.1. Fremu nzima basi ni kilo 50 na ushei. Kioo, kila milimita moja ya unene katika mita moja ya mraba ni kilo 2.5, kwa hiyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba, na kebini hii inahitaji karibu mita tatu za mraba. Hizo ni kilo 45. Ongeza paa, bawaba, feni na bolti, utafika kilo 120 hadi 130. Ni kama kubeba watu wawili wembamba juu ya ekseli ya nyuma, na trekta la farasi 25 litaweza. Lakini punguza mwendo kwenye kona na usipande ukingo wa mtaro kama ulivyozoea.

Fremu

Usichomelee juu ya trekta. Cheche zinaangukia mabomba ya haidroliki na tangi, na umeme wa welding ukipita njia mbaya unaua alteneta. Jenga fremu kwenye sakafu tambarare, kisha uibebe. Ukilazimika kupiga nukta mbili tatu ikiwa juu ya trekta, ondoa kwanza nyaya za betri na uifunge ethi ya welding, yaani klampu ya kurudishia umeme, karibu kabisa na unapochomea.

Anza na ubavu mmoja ukiwa umelala. Kata vipande, uvipange, uvishike kwa nukta tu za welding kwenye kila kona. Pima kutoka kona hadi kona inayoikabili, halafu kona nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, ubavu uko mraba. Vikipishana hata milimita tano, gonga kona ndefu kwa nyundo ya mbao na upime tena, maana kioo hakisamehe. Ubavu wa pili ulaze juu ya wa kwanza na uujenge kwa kuufuatisha, ili hizo mbili ziwe pacha. Zisimamishe, uziunganishe kwa mihimili ya mbele na nyuma, tena kwa nukta tu, na upime kona kwa kona kila upande pamoja na juu na chini.

Ukiridhika ndipo uchomee mishono kamili, lakini kwa kurukaruka: kona hii kidogo, kisha kona ya mkabala, kisha rudi. Ukimaliza kona moja yote kwa mkupuo chuma kinavuta na fremu inapinda mbele ya macho yako. Kwa tyubu ya milimita 2 fimbo ya welding ya milimita 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80 inatosha. Kwa ya 1.5 shuka kwenye fimbo ya milimita 2, la sivyo utakuwa unaziba matundu siku nzima. Tyubu ya mabati uisugue zinki yake sentimita chache kabla ya kuchomea, ufanyie kazi mahali penye upepo; moshi wa zinki humpa mtu homa na kutetemeka jioni ile ile.

Kioo cha mbele kiinamishe, juu kikitokeza mbele kuliko chini, kwa nyuzi kama 10. Kikikaa hivyo jua la mchana halikipigi moja kwa moja, na taa za kazi usiku hazirudishi mwanga machoni.

Nyayo za kebini ziwe nne, na ziende kwenye chuma kizito: matundu ya bolti yaliyopo kwenye ekseli ya nyuma na kwenye sakafu ya mbele. Digadi la bati halibebi kebini; litapasuka. Kati ya kila unyayo na trekta weka raba nene, zile za kushikia injini za gari dogo ambazo mafundi huziita mauntini. Zinapatikana kwa wauza skrepu na ni bora kuliko vipande vya tairi. Bila raba, mtikisiko wa injini unaingia kwenye fremu, fremu inaingia kwenye kioo, na unaendesha ndani ya ngoma.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii hadi limewafika: kufungua klachi ya trekta ni kulitenganisha trekta vipande viwili katikati. Kebini iliyofungwa kwa welding haitamruhusu fundi kufika hapo. Ikae kwa bolti nne tu na U-bolti zake, na juu uchomelee pete nne za kuinulia. Cheni bloki (winchi ya mnyororo) na boriti imara, au tawi nene la mwembe, vinaishusha bila jasho kubwa.

Paa

Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini hasa karibu na katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine haliko mbali. Joto la saa saba mchana linaingilia juu, kwa hiyo ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu kizuri, iwe paa.

Paa moja la bati halifai. Weka mawili, na nafasi ya sentimita 4 au 5 katikati iliyo wazi mbele na nyuma ili upepo upite. La juu linapokea jua, la chini linabaki kivulini. Land Rover za zamani za nchi za joto zilikuwa na paa la namna hii na sababu ilikuwa hiyo hiyo. La juu liwe jeupe. Rangi ya trekta, nyekundu au ya machungwa, inapendeza kwenye boneti na iishie hapo.

Kwa paa la chini natumia plaiwudi ya milimita 9 iliyofunikwa faiba, na hapa Malindi na Watamu tuna bahati: mafundi wanaotengeneza mashua za faiba wapo, na kazi ya paa la trekta kwao ni ndogo. Mwambie afunike kingo za plaiwudi vizuri kuliko uso wake, kwa kuwa maji huingilia kwenye kingo, mbao ikavimba na faiba ikabanduka. Paa la juu linaweza kuwa bati la alumini au faiba tupu. Litokeze sentimita 10 pembeni na 20 mbele, na liinamie nyuma sentimita 3 ili maji ya masika yasikusanyike wala yasimwagike mbele ya macho ya dereva.

Kuna wanaopenda kioo kwenye paa ili waone ndoo ya kupakia ikiwa juu. Kwenye shamba lenye minazi hilo tulisahau.

Rangi na kutu, kabla ya kioo

Chumvi inafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa kusi mabati yanakula kutu hata maili kadhaa kutoka ufuoni. Na kutu ya tyubu huanzia ndani, usipoiona. Kila mwisho wa tyubu uzibwe kwa welding, isipokuwa tundu dogo la milimita 5 chini kabisa la kutolea maji. Kabla ya kupaka rangi mimina oili kidogo ndani kupitia tundu hilo, zungusha fremu, iachie ichuruzike, kisha ifute nje kwa thina.

Sugua mishono hadi chuma king'ae, osha kwa maji matamu, kausha, na upake praima yenye zinki siku hiyo hiyo. Chuma kilichosuguliwa na kulazwa nje usiku mmoja Malindi asubuhi kina wekundu. Kisha rangi ya mafuta mara mbili. Pale kioo kitakapogusana na fremu paka kwa uangalifu kuliko popote, kwani hutafika tena hapo bila kung'oa kioo.

Vioo

Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba hakitumiki. Kikivunjika kinatoa visu virefu, na trekta linaruka kila dakika. Chaguo zako ni tatu.

Kioo cha laminati ni vioo viwili vyembamba na tabaka la plastiki katikati. Kikipasuka kinabaki mahali pake. Hiki ndicho cha mbele, unene wa milimita 6 na nukta kidogo, na fundi vioo mzuri anaweza kukikata mjini kwa vipimo vyako ilimradi kiwe bapa. Kingo zake zisisimame ndani ya maji, la sivyo plastiki inageuka nyeupe kama maziwa kuanzia pembeni.

Kioo cha tempa, yaani kilichopikwa kwa moto ili kikaze, ni kigumu zaidi na kikivunjika kinakuwa chembechembe zisizokata sana. Kinafaa nyuma na milangoni. Lakini hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kupikwa. Ukikigusa kwa drili kinamwagika chote. Vipimo na matundu vyote vitangulie, na oda kwa kawaida itakwenda Mombasa, kilomita 120, kwa hiyo kosa la milimita tano ni safari nyingine.

Polikaboneti haivunjiki kwa nyundo na ina uzito chini ya nusu ya kioo: milimita 5 ni kilo 6 kwa mita ya mraba. Ubaya wake ni kukwaruzika. Vumbi jekundu la Marafa likifutwa kwa kitambaa kikavu, mwezi mmoja tu huoni kitu. Ioshwe kwa maji mengi na sabuni, na isiguswe na petroli wala thina, maana hupasuka nyufa ndogondogo. Mimi naiweka kwenye milango na vijidirisha vya chini karibu na miguu. Mbele sitaiweka.

Kata kigezo cha plaiwudi ya milimita 3 kwa kila dirisha, kiwe kidogo kuliko nafasi yake kwa milimita 4 kila upande. Kioo kisiguse chuma popote. Kigezo kiandike NJE kwa kalamu nene upande unaotazama nje. Fundi vioo apewe kigezo chenyewe. Karatasi yenye namba haitoshi.

Sasa kukifunga. Njia ninayoipenda kwa kioo cha mbele ni raba yenye mifereji miwili, ile ya magari ya zamani: mfereji mmoja unashika kioo, mwingine unashika ukingo wa bati. Kwa hiyo ndani ya fremu ya tyubu chomelea bati la milimita 2 lenye ukingo mwembamba kuzunguka, na kona zake uzizungushe kwa nusu-kipenyo cha sentimita 7 au zaidi. Kona kali raba haiifuati. Kigezo cha kioo hiki kikatwe kwa kufuata ukingo huo, kulingana na unene wa raba uliyonunua.

Vika raba kwenye kioo, maungio yake yakae juu katikati, chini ya ukingo wa paa mvua isikofika. Chukua kamba ya plastiki ya milimita 4, uilaze ndani ya mfereji wa nje, ule wa kushika bati, mzunguko mzima, na ncha zake mbili zipishane chini katikati na kuning'inia kwa ndani. Paka raba yote maji ya sabuni ya vyombo. Mtu mmoja akae nje, akibonyeza kioo kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, bila kupiga. Wewe ndani shika ncha moja ya kamba na uivute taratibu kuelekea katikati ya kioo. Utaona mdomo wa raba unainuka na kuruka juu ya bati, kidogo kidogo, kadiri kamba inavyotoka. Kwenye kona punguza mwendo na umwambie wa nje abonyeze pale pale. Raba ikikataa, ongeza sabuni, nguvu usiongeze. Kamba ikishatoka yote, pachika kile kijitepe cha raba cha kukazia.

Milangoni unaweza kugundisha kwa gundi ya vioo vya gari, ile nyeusi ya poliyurethani. Gundi hiyo jua huiharibu, kwa hiyo ukingo wa kioo upakwe mstari wa praima nyeusi ya vioo upande wa gundi kabla ya kugundisha. Silikoni, ukiitumia kuziba nyufa, iwe isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka na kuzaa kutu chini yake.

Milango, na njia ya pili ya kutokea

Tumia bawaba za kunyanyua, zile za pini ambazo mlango unauinua na kuutoa. Madereva wengi wa hapa wataivua milango miezi mingi ya mwaka na kuirudisha wakati wa masika, na hakuna haja ya kubishana nao. Kitasa kichukue kwenye gari la skrepu, chenye mshiko wa ndani na wa nje. Bawaba zikae nyuma au mbele? Zikikaa nyuma, mlango unafunguka wazi zaidi mbele ya tairi kubwa na kupanda ni rahisi. Lakini ukifunguka wakati unatembea, tawi la mwembe litauchukua. Kwa kazi ya kwenye miti mimi huzifunga mbele.

Kebini iwe na njia mbili za kutokea. Trekta likilala ubavu, mlango mmoja uko ardhini. Dirisha la nyuma basi libebwe na bawaba juu, lifungukie nje, na lifunguliwe kwa mkono mtupu bila spana. Vile vishikizo vya gesi vya mlango wa nyuma wa gari dogo vinafaa kulishika likiwa wazi, ila chagua vya gari jepesi. Vya gari zito vitapinda fremu yako.

Hewa, vumbi na moshi

Watu huziba milango wakashangaa vumbi linaingia. Tazama sakafu: matundu ya pedali, mwanya wa gia, mwanya wa mkono wa haidroliki. Trekta likitembea upepo unanyonya hewa kutoka nyuma ya paa, ndani panakuwa na upungufu, na vumbi linavutwa kutoka chini, moja kwa moja kutoka kwenye tairi. Ziba kila mwanya wa fimbo kwa kipande cha tyubu ya ndani ya tairi kilichochanwa nyota, fimbo ipite katikati. Halafu geuza mambo: weka feni ya kuingiza hewa ndani, chini ya ukingo wa paa upande wa mbele, ikivuta kupitia filta ya hewa ya gari. Ndani pakiwa na hewa nyingi kuliko nje, kila ufa unapuliza vumbi kutoka badala ya kulivuta.

Hiyo ni ya siku za kulima kavu kabla ya mvua. Siku nyingine fungua kioo cha nyuma na milango na uache upepo ufanye kazi yake. Kuhusu kiyoyozi, kompresa yake inakula nguvu za injini, na kwenye farasi 25 jembe litaisikia. Sioni sababu.

Ekzosi inayotokea ubavuni au chini ya boneti irefushwe kwa bomba hadi juu ya paa, mbali na mdomo wa feni. Moshi wa injini ndani ya boksi lililofungwa hauna mzaha; una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu yake yenyewe. Na kelele: kebini isiyo na raba wala zulia huongeza kelele badala ya kuipunguza. Tandika mkeka mzito wa raba sakafuni, lakini usibandike sponji ya godoro darini. Inanyonya maji na inawaka vibaya. Dereva aendelee kuvaa viziba masikio.

Umeme

Waipa, feni na taa kila kimoja kiwe na waya wake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, na fyuzi kuu ikae karibu na betri. Kwa mota ya waipa fyuzi ya ampea 10 hutosha kwa kawaida. Waya usipite kwenye tundu la chuma bila raba ya kuulinda. Ethi ya fremu iunganishwe kwa waya hadi kwenye chuma cha trekta, kwa sababu raba za nyayo zimeitenga fremu na umeme haupiti hapo. Hili ndilo linalowachanganya mafundi kila mara: taa zinafifia, wanabadilisha betri.

Kujaribu

Kabla ya kazi, mwagia kebini maji kwa mpira kutoka kila upande, mtu akiwa ndani na chaki, aweke alama kila panapotona. Kisha endesha kwenye barabara ya vumbi milango imefungwa, ukiwa umewasha feni. Simama, pitisha kidole kwenye kingo za ndani. Mstari wa vumbi utakuonyesha ufa ulipo.

Inua jembe tena hadi juu, safari hii ukiwa na kioo. Kata steringi mwisho hadi mwisho. Mfanye dereva atoke kupitia dirisha la nyuma akiwa na buti zake. Baada ya saa kumi za kwanza za kulima, kaza nati zote za nyayo na U-bolti, kwa kuwa raba mpya hubonyea. Tumia nati za kujifunga zenye nailoni. Kila mwisho wa masika chomoa uchafu kwenye matundu ya kutolea maji kwa waya, osha fremu kwa maji matamu na upake grisi pini za bawaba, vinginevyo mlango wa kunyanyua utakuwa mlango wa kukatwa kwa grainda.